NGITILI YA BABU NA AMRI YA MUNGU



Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, na tena katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mwenyezi Mungu awaamuru Waisraeli neno ambalo wengi tumelisikia kanisani bila kulitia sana moyoni. Miaka sita watalima mashamba yao na kuvuna. Mwaka wa saba wataiacha nchi ipumzike. Kitakachoota chenyewe mwaka ule, mwenye shamba asikifungie ghalani mwake, bali maskini wapate kula. Na watakachosaza maskini, wanyama wa porini wapate kula nao. Tena Bwana atoa sababu ya amri hiyo: nchi si mali yao, ni mali yake Yeye. Wao ni wageni waliokaribishwa juu yake.

Twataka leo kulitazama neno hilo tukiwa tumesimama huku kwetu, katika nchi ya Wasukuma, kusini ya Ziwa Viktoria. Maana yako mambo ambayo Mungu aliyaandika katika Maandiko Matakatifu, na ambayo aliyaandika pia katika akili na mioyo ya watu waliokuwa hawajayasoma Maandiko hayo. Mtume Paulo afundisha hivyo katika sura ya pili ya waraka wake kwa Warumi. Basi yafaa tuone jinsi mababu wa nchi hii walivyoipumzisha ardhi yao, jinsi desturi yao ilivyokaribia kufa, jinsi ilivyofufuka, na jambo linalotupasa sisi tuliobatizwa.

Ngitili ni nini?

Msomaji wa Songea au wa Moshi huenda hajui maana ya neno hili. Ni neno la Kisukuma. Ngitili ni sehemu ya ardhi inayotengwa mvua zianzapo kunyesha, isichungwe wala isilimwe, nyasi zipate kurefuka, na vichaka na miti ipate kuchipua. Haina ukuta wala seng'enge. Boma lake ni neno la wazee. Kiangazi kinapokuwa kikali, majani ya malisho ya kawaida yamekwisha na vumbi latimka kila mahali, hapo ngitili hufunguliwa, kipande baada ya kipande. Nao wanaotangulia kuingia si ng'ombe wenye nguvu. Ni ndama, na majike yanyonyeshayo, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi, na wanyama wakongwe wasioweza kwenda mbali kutafuta malisho. Waswahili husema, akiba haiozi. Ngitili ni akiba ya majani, nayo imewekwa kwa ajili ya wanyonge kwanza.

Iko ngitili ya familia, na iko ngitili ya kijiji kizima. Sheria zake huamuliwa katika dagashida, ndio mkutano mkuu wa wanakijiji. Na mwenye kuzivunja hutozwa faini mbele ya wenzake. Humo ndani hutoka vitu vingi zaidi ya malisho: kuni, nyasi za kuezekea, fito za kujengea, asali, uyoga, mboga za porini, matunda ya mkwaju na ya mbuyu, mizizi na magome ya dawa. Mtoto aliyekwenda na bibi yake katika ngitili alijifunza jina la kila mmea na kazi yake, na ulio na sumu ni upi.

Watu hao waliijua ardhi yao kama mchungaji ajuavyo kundi lake. Msukuma wa zamani hakuuita udongo wote kwa jina moja. Ule wa kichanga wa mteremkoni aliuita luseni, ule mgumu ulio chini yake itogolo, na ule mweusi wa bondeni mbuga. Na kwa kila mmoja alijua kipi kipandwe na kipi kisipandwe.

Tena tukivuka maji mpaka kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, twaona ustadi mwingine. Kisiwa kile ni kidogo na watu wake ni wengi sana. Wakara waliona tangu zamani kwamba wakiichosha nchi yao hawana pengine pa kwenda, maana pande zote ni ziwa. Kwa hiyo waliwafunga ng'ombe wao nyumbani, wakawaletea majani, wakakusanya samadi na kuipeleka mashambani kwa vichwa. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakaifukia ardhini ioze na kuirutubisha. Miti ya kisiwa ilikuwa na wenyewe, wala mtu hakuikata ovyo. Mabwana shamba wa Kiingereza waliofika huko katika miaka ya 1930 walistaajabu, wakaandika habari zake, maana waliona kwa macho yao kilimo ambacho hawakuwafundisha wao.

Wala si huku kwetu tu. Wenyeji wa kwanza wa Australia, waliokaa katika bara lile kwa makumi ya maelfu ya miaka, walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi kwa moto mdogo wakati wa baridi, mahali hapa na mahali pale, ili moto mkubwa wa kiangazi usipate kuni za kuteketeza nchi nzima. Wageni waliwakataza. Siku hizi wataalamu wa nchi ile wanarudi kuwauliza wazee wao jinsi ya kufanya.

Jinsi desturi ilivyokaribia kufa

Tuseme kweli, wala tusimlaumu mtu mmoja. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga na Usukuma ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o walioleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kazi ile iliokoa maisha. Hatuwezi kuiita ovu. Baadaye pamba ilileta fedha, na fedha ikadai mashamba mapana zaidi. Ng'ombe waliongezeka, na watu waliongezeka. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishwa kutoka miji yao ya zamani na kukusanywa vijijini. Mtu aliyeondolewa karibu na ngitili yake hakuweza tena kuilinda. Na kitu kisicho na mlinzi hakikawii kuwa cha kila mtu, yaani si cha mtu yeyote. Ilipofika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa tupu. Watu waliiogopea kuwa jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa ufupi HASHI. Kwanza wataalamu waliotesha miche katika vitalu, mingi yake ya kigeni, wakawagawia watu wapande. Haikuendelea sana. Baadaye walifanya jambo linalowapasa wenye elimu wote: waliketi chini wakawasikiliza wazee. Nao wazee waliwaambia habari za ngitili. Mizizi ya miti ya asili ilikuwa ingali hai chini ya ardhi. Ilingoja tu kuachwa ipumzike. Palepale palipofungwa kwa neno la dagashida, migunga ilichipua yenyewe bila kupandwa na mtu.

Matunda yake yajulikana. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ndege waliokuwa wametoweka walirudi, na akina mama hawakulazimika tena kutembea mchana kutwa kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Mradi wenyewe ulimalizika mwaka 2004. Tangu hapo ulinzi umebaki mikononi mwa wenyeji, yaani mikononi mwa baba na mama kama ninyi mnaosoma maneno haya.

Je, si upagani?

Hapa yako mashaka ambayo hatuna budi kuyajibu. Wako Wakristo wasemao: "Vichaka hivyo wazee walivilinda kwa sababu ya mizimu. Sisi tumebatizwa, mti ni mti tu, tuukate." Tena wengine humtaja Mtakatifu Bonifasi, ambaye mnamo mwaka 723 aliuangusha mti mkubwa uliowekwa wakfu kwa mungu Thor wa Wajerumani.

Ni kweli aliuangusha. Lakini Bonifasi aliiangusha sanamu; hakuufyeka msitu wa Ujerumani. Na mbao za mti ule, yasimuliwa, alizijengea kanisa. Hakuzichoma makaa akaziuza. Kuuabudu mti ni dhambi, maana ni kumpa kiumbe heshima ya Muumba. Kuutunza mti ni jambo jingine kabisa. Katika Mwanzo, sura ya 2, kabla ya dhambi yoyote kutendwa, Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili zilitolewa siku moja, na kwa mtu mmoja. Anayelima bila kutunza ameifanya nusu ya kazi yake.

Isitoshe, Mungu yuleyule aliyekataza sanamu ndiye aliyewaambia Waisraeli, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, kwamba hata wakiuzingira mji wa adui vitani wasiikate miti yake ya matunda. Na katika sura ya 22 aliwaambia kwamba mtu akikuta kiota njiani aweza kuwatwaa makinda, lakini mama yao amwache aende zake. Ni nini hiyo, ndugu zangu, isipokuwa sheria ya ngitili? Chukua, lakini acha mbegu. Kula, lakini acha mama.

Kanisa halikuja Usukuma kuivunja hekima hiyo. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Kageye, kando ya ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878. Miaka ilipopita, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga huko Bujora, karibu na Mwanza, kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, akakusanya pamoja ngoma na vyombo vya wazee visipotee. Na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo imeitwa huko Bulabo, neno litokanalo na maua. Watu walimtandazia Bwana wao maua ya nchi yao wenyewe. Basi, maua hayo yatachumwa wapi tukiiacha nchi iwe tupu?

Macho mekundu ya bibi kizee

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya bwana miti, wala si ya dhambi na wokovu. Asikilize basi jambo hili moja.

Kuni zilipokwisha katika vijiji vingi vya Usukuma, akina mama walipikia samadi kavu na mabua. Moshi wake ni mkali, nao huchoma macho. Mwanamke aliyepika hivyo kwa miaka arobaini katika nyumba isiyo na dirisha hufika uzeeni akiwa na macho mekundu. Na katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya 1970, bibi wazee wengi wamesingiziwa uchawi kwa sababu ya macho hayohayo mekundu, wakauawa kwa mapanga usiku.

Tuutazame mnyororo huo, pete moja baada ya nyingine. Mti ulikatwa, kuni zikakosekana, moshi ukawa mkali, macho yakawa mekundu, jirani mwenye msiba akamwendea mpiga ramli, na mama wa watu, aliyekwisha kulea wana na wajukuu, akauawa. Hatusemi kwamba kukata miti ndiko kulikoua. Walioua ni wale waliokamata panga, na wale waliowalipa, na mpiga ramli aliyewaongopea. Na damu hiyo yamlilia Mungu kama damu ya Abeli. Yumkini alikuwapo pia mrithi aliyeyatamani mashamba ya mjane, akajificha nyuma ya jina la uchawi. Lakini twasema kwamba nchi ikiharibika, maskini ndiye wa kwanza kuumia, na mwanamke mzee, mjane, asiye na mtetezi, huumia kuliko wote. Nani tena atasema kwamba amri ya tano haina neno na kichaka cha kuni?

Mkristo wa kweli hawezi kusadiki kwamba macho mekundu ni alama ya uchawi. Akisikia maneno hayo yananong'onwa pombeni au msibani, yampasa kuyakemea papo hapo. Akinyamaza, kunyamaza kwake kwaweza kumgharimu mtu maisha.

Shamba la Nabothi

Siku hizi adui wa ngitili haji na jeshi. Huja na pikipiki na bunda la noti. Jiji la Mwanza lahitaji makaa, na miji mingine kadhalika. Baba ana ngitili aliyoachiwa na babu yake; mnunuzi amwambia, "Nipe miti hii, nikupe fedha leo." Ndivyo mfalme Ahabu alivyomwambia Nabothi, kama tusomavyo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Alimpa hata nafasi ya kuchagua: shamba jingine lililo bora, au fedha. Nabothi alikataa, maana lilikuwa urithi wa baba zake.

Hatumhukumu mtu aliyeuza miti michache kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa au mavuno yalikauka. Mungu aijua njaa ya watu wake. Dhambi iko mahali pengine. Iko pale baba auzapo peke yake kitu ambacho ni cha mke wake pia, na cha watoto wake, na cha wajukuu ambao hawajazaliwa, kisha fedha zikaisha kabla ya mvua kunyesha. Ngitili iliyofyekwa kwa juma moja yahitaji miaka mingi kurudi.

Ziwa lenyewe latupa onyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa katika maji haya. Ameleta kazi na fedha, nasi hatulikani. Lakini aina nyingi sana za furu walioishi humu, wasiopatikana mahali pengine duniani, wametoweka. Karibu na mwaka 1990 gugumaji lilionekana, likaziba mialo na kuwafungia wavuvi. Si kila kigeni ni kibaya. Mahindi, mihogo na viazi vitamu vyetu vilitoka Amerika. Ila mwenye busara huuliza kwanza kabla ya kuondoa kilichopandwa na Mungu. Mafunjo ya ufukweni, ambayo wengine huyafyeka kama magugu tu, huchuja matope na kuwaficha samaki wachanga. Papa Fransisko alitufundisha katika barua yake ya mwaka 2015, Laudato Si', kwamba vitu vyote vimefungamana, na kwamba wenyeji waliokaa na ardhi yao kwa vizazi vingi yafaa wawe wa kwanza kusikilizwa kuhusu ardhi hiyo.

Tufanye nini?

Ninyi akina baba, nendeni katika mkutano wa kijiji mambo ya ardhi yanapozungumzwa, msiwaachie wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yawapa nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ipateni, na jina la mke liandikwe pamoja na lenu, maana sheria hiyo yamtambua mwanamke kuwa na haki sawa ya kumiliki ardhi. Mjane mwenye hati mkononi si rahisi kunyang'anywa.

Ninyi akina mama, wafundisheni watoto majina ya mimea. Mtoto asiyejua jina la mti hatauhurumia. Msidharau mboga na dawa za porini, lakini mgonjwa apelekwe hospitali kwa wakati. Mliomo mijini, mpunguze makaa kadiri mnavyoweza, na jiko lisiachwe likiwaka bure.

Ninyi vijana wachungaji, msiwashe moto wa kujifurahisha porini, wala msiingize ng'ombe usiku katika ngitili ya jirani. Huo ni wizi, hata kama hakuna aliyewaona.

Makatekista na halmashauri za parokia nao watazame kiwanja cha kanisa. Parokia na shule zenye ardhi zaweza kuwa na ngitili yao, kama baadhi zilivyofanya wakati wa HASHI. Mahubiri bila kichaka hata kimoja nyuma ya kanisa hayana nguvu nyingi. Na kabla ya kwenda kuungama, kila mmoja aongeze swali hili katika kuitafiti dhamiri yake: ardhi niliyopokea, je, nitaikabidhi ikiwa hai?

Siku moja kila mpangaji ataitwa na Mwenye nyumba kutoa hesabu. Hatatuuliza tulivuna magunia mangapi tu. Atatuuliza pia habari za ndama, na za mjane, na za ndege aliyekuwa juu ya kiota.

Ee Mungu, Muumba wa nchi na ziwa, uliyewapa mababu zetu akili ya kuipumzisha ardhi kabla hawajalijua jina lako, utujalie sisi tunaolijua tusiwe wapumbavu kuliko wao. Uwalinde wazee wetu na uongo na panga. Utupe mvua kwa wakati wake, na moyo wa kuacha kitu kwa ajili ya watakaokuja baada yetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.